Picha Iliyomwangusha Twalibu

Ndugu yangu Twalibu si mtu wa kuanguka. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu maneno yaliyozagaa Kibondo juu yake yamefika hata vijiji ambavyo gari lake halijawahi kufika, na wengi wanaoyabeba hawakuona kitu. Siku ya kwanza sikuwapo. Siku ya pili, ile iliyomaliza mambo, nilikuwapo, tena karibu kuliko nilivyotaka.

Twalibu ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi nauza sabuni na vitenge karibu na stendi. Yeye ni dereva wa Fuso la Bwana Mansuri, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka hapa Kibondo na jingine Kasulu, na ndugu wa kumtumia mzigo kutoka Ujiji mpaka Tanga. Twalibu alianza kumwendeshea gari nywele zake zikiwa bado nyeusi zote. Hana mbio. Kabla ya safari analizunguka gari, anagonga tairi, anavuta kamba moja moja, anasoma dua yake, ndipo anakunywa chai. Redio hafungui. "Gari linaongea, dada," huniambia. "Nikiweka muziki nitalisikiaje?" Matingo wanaomsaidia garini wanamkimbia kwa ajili ya ukimya huo, na mimi siwalaumu. Kusafiri naye mpaka Mabamba ni sawa na kusafiri na gunia la maharage, ila gunia halikufokei ukiacha maganda ya ndizi chini ya kiti.

Tena ni mkavu. Baba yetu alipofariki tulilia mpaka sauti zikatukauka, yeye yuko nje anatafuta majembe ya kuchimbia kaburi. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa alisema "Alhamdulillahi," akaenda kuziba pancha. Mkewe Firdausi alikwisha kuzoea. Alikuwa akisema kwamba mume wake hana maneno ila ana gari, na gari ndilo linalolisha nyumba. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Twalibu hana shamba la maana, hana duka, hajui kazi nyingine. Ukimwondoa kwenye usukani humwachii kitu.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Nje kidogo ya kambi ya Nyarugusu, upande wa Makere, pana ukumbi wa kufundishia ushonaji. Wanajifunza hapo wakimbizi kutoka Kongo pamoja na wenyeji wetu. Bwana Mansuri ndiye anayewapelekea vitambaa na uzi. Siku moja Twalibu alipeleka mzigo, na wapakuzi walipokuwa wanashusha marobota akaingia ndani kuomba maji ya kutawadha. Ukuta wa mwisho wa ukumbi ule una picha. Imechorwa juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, kutoka kona hadi kona, kutoka sakafu hadi chini ya bati. Twalibu alisimama mbele yake na kopo la maji mkononi. Wapakuzi walipoingia na robota la mwisho walimkuta amesimama hivyo hivyo, anatetemeka, machozi yanamtiririka kidevuni, kopo limeinama na maji yote yako kwenye viatu vyake. Mmoja akamwita. Hakugeuka. Akaenda chini mzima mzima.

Wakatupa robota, wakarudi nyuma. "Kifafa! Msimguse! Msimguse!"

Mgeni wa huku atashangaa. Huku kwetu mtu akianguka namna hiyo, watu wanakimbia upande wa pili. Wanaamini mate yake na pumzi yake vinaambukiza, na atakayemgusa ataanguka naye siku moja. Muuguzi wa zahanati amesema mpaka amechoka kwamba kifafa hakiambukizi. Watu wanamwitikia vizuri, kisha wanakwenda nyumbani kumtengea mgonjwa sahani yake. Na haiishii kwa mgonjwa. Hata kwenye posa, wazee wa pande zote mbili wanachunguza kwanza: ukoo huo una anayeanguka? Basi ndugu yangu alilala kwenye sakafu ya saruji, wanaume wazima wamemzunguka kwa mbali wanamtazama. Aliyemgusa ni mmoja tu, mama wa Kikongo aitwaye Nadège, ambaye ndiye aliyechora ile picha. Alivua kitenge chake cha mabegani akakiweka chini ya kichwa cha Twalibu.

Alizinduka upesi, akaomba msamaha kwa kumwaga maji. Lakini simu zilikuwa zimeshapigwa. Bwana Mansuri alimtuma Saady, dereva wake wa duka la Kasulu, akalirudishe gari. Twalibu alirudi Kibondo amekaa kiti cha abiria katika Fuso lake mwenyewe, na walipofika stendi watu walikuwa wamesimama kumwangalia anavyoshuka.

Bwana Mansuri alichukua ufunguo siku hiyo hiyo. Sitamsingizia, hakumtukana. Alisema, "Twalibu, wewe ni kama mdogo wangu. Lakini nikikupa gari ukaanguka nalo katikati ya gulio, Mungu atakaponiuliza nitajibu nini?" Twalibu akaenda hospitali. Daktari akampima presha, sukari, malaria, akamgonga magoti, akamulika macho. Akasema haoni ugonjwa, ila kuanguka mara moja hakutoshi kuamua, na kipimo chenyewe hasa kiko hospitali kubwa huko mbali. Bwana Mansuri katika maneno yote hayo alisikia moja tu, kwamba haijaamuliwa.

Siku zikaanza kuwa mbaya. Kwenye benchi la kahawa Twalibu akapewa kikombe cha plastiki, wenzake wote wana vya udongo. Akakinywea, akakirudisha, akashukuru. Mama yake Firdausi akaja na kikapu chake kana kwamba amekuja kusalimia tu, kumbe amekuja kumwambia binti yake awatengee watoto sahani. Nilimfukuza mimi mwenyewe, na kikapu chake nikamtupia mlangoni. Sijutii.

Jioni hiyo Twalibu alinikuta dukani nafunga. "Dada," alisema, "haikuwa kifafa. Ilikuwa ile picha."

Nilicheka. Mungu anajua nilicheka. "Picha? Kalenda zimejaa ukutani kwako, mbona hazijawahi kukuangusha?"

Hakukasirika. Alikaa juu ya kreti la soda akaanza kunieleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. "Ni watu wanavuka mto, dada. Mvua inanyesha. Kila mtu na mzigo wake. Mmoja amebeba mlango kichwani. Mlango peke yake. Nikajiuliza, nyumba yake iko wapi? Nikawa najiuliza hilo hilo tu, masikio yakaanza kuvuma, mikono ikapoa, moyo ukaenda mbio. Nilitaka kutoka nje, miguu ikakataa. Na usidhani nilihuzunika. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, nikakosa pa kuiweka."

Nilimwambia akalale. Nilikuwa naogopa. Niliona kwamba mdogo wangu ameanza kutafuta sababu za ajabu, na mtu anayetafuta sababu za ajabu amekwisha kukata tamaa na za kawaida.

Lakini yeye kesho yake alikwenda kwa Bwana Mansuri akamwambia vile vile, neno kwa neno. Waliokuwapo dukani walicheka mpaka wakashika meza. Bwana Mansuri hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mimi ni mfanyabiashara, napenda kuona kwa macho. Jumatano nina mzigo wa pale. Twende wote. Kama ni picha iliyokuangusha, itakuangusha tena, na ufunguo nitakupa papo hapo, maana njiani hakuna picha. Isipokuangusha, basi ni kifafa. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," akasema Twalibu.

Niliposikia nilitaka kumpiga kofi. Hakimu gani huyu? Anamwambia mtu aanguke ili athibitishe kwamba haanguki! Na ndugu yangu amekubali kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Nikafunga duka Jumatano, nikajipakia bila kuombwa katika pikapu ya Bwana Mansuri, ile ya milango minne. Saady alishika usukani, Bwana Mansuri mbele kando yake, sisi nyuma. Twalibu alikuwa anaitazama miguu ya Saady kwenye pedali. Kila Saady alipochelewa kubadilisha gia mlimani, mguu wa Twalibu ulikanyaga sakafu.

Tulisimama Busunzu, Bwana Mansuri akashuka kununua ndizi. Nikamvuta Twalibu nyuma ya gari.

"Ukifika pale, anguka."

"Nianguke vipi?"

"Kama watu wanavyoanguka! Legeza magoti, jiachie, lia kidogo. Mimi nitakudaka. Dakika moja tu, unapata kazi yako, tunarudi nyumbani."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na hilo lilinipa moyo, nikadhani labda haitakuwa lazima kuigiza. "Dada," akasema, "nimekuwa nikiiota kila nikilala. Naogopa kuiona, na naogopa nisiione. Sasa unaniambia nikifika mbele yake nimdanganye mtu?"

"Una watoto, Twalibu!"

"Ego," akajibu, kwa Kiha cha nyumbani. "Ninao." Bwana Mansuri akarudi na ndizi, akatugawia. Yangu nikampa Saady.

Tulipofika ukumbini cherehani zilikuwa zinanguruma. Zikanyamaza moja baada ya nyingine wanawake walipomtambua Twalibu. Wengine walivuta watoto wao karibu. Wapakuzi wale wale walikuwa pale, wakajipanga ukutani. Nadège akaja mbele. Ni mwanamke mfupi, mpole, vidole vyake vina rangi kwenye kucha. Akampa Twalibu mkono, na watu wakaguna alipoushika.

"Papa, umerudi," akasema. "Uko bien?"

"Niko salama, mama."

Bwana Mansuri akamweleza kilichotuleta. Nadège alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Miye nilimuona siku ile. Haikuwa maladi. Alikuwa analia tu, sawa vile miye nililiaka wakati nilikuwa nachora. Lakini picha si kama dawa, papa. Hauwezi kuiambia ifanye kazi saa hii."

"Tutaona," akasema Bwana Mansuri.

Akamweka Twalibu katikati ya ukumbi akiukabili ukuta. Yeye mwenyewe akasimama mbele yake ameipa picha mgongo, ili auangalie vizuri uso wa Twalibu na midomo yake, kama itatoka povu. Nami nikasimama kando ya Bwana Mansuri, nimeupa ukuta mgongo vile vile, macho kwa mdogo wangu, mikono tayari kumdaka. Nilisema moyoni, ya Rabi, leo tu, mwangushe.

Twalibu akainua macho.

Nilimwona akipumua ndani, akashikilia pumzi. Macho yake yalikwenda kushoto, yakarudi polepole kulia, yakapanda, yakashuka. Uso ukalainika. Nikasogea hatua moja. Mtu mmoja nyuma akamwita mama yake kwa Kiha, "Mawe!", kwa hofu. Lakini mikono ya Twalibu, iliyokuwa inatetemeka njia nzima, ilikuwa imetulia. Alisimama imara kuliko sote. Alikuwa anatabasamu, yeye asiyetabasamu hata siku ya Idi.

Tukangoja. Bwana Mansuri akakohoa, akatazama saa yake, akamtazama tena. Hakuna kitu.

"Anguka," nikamwambia Twalibu kwa midomo bila sauti. Hakuwa ananitazama. Nikasema kwa kunong'ona, "Twalibu, anguka!"

"Oya, sianguki," akajibu kwa sauti ya kawaida, ukumbi mzima ukasikia. "Imenipokea vizuri leo. Siwezi kuisingizia."

Hasira iliyonipanda siwezi kuipima. Watoto wake, mkewe, miaka yote ya kugonga tairi alfajiri, vyote anavitupa kwa ajili ya magunia ya unga! Nikageuka kwa ukali, nione hasa ni kitu gani hiki kilichomwangusha mtu asipotaka kikakataa anapohitaji. Nilitaka kukitukana.

Sikuuona mlango alionieleza. Niliona maji. Upande wa chini kabisa, mtu wa mwisho katika msafara alikuwa ameinua mguu mmoja kutoka mtoni, na chini ya unyayo wake maji yalikuwa ya kijani ambacho mimi, ninayeuza vitenge maisha yangu yote, sijawahi kukiona kwenye kitambaa chochote. Mvua ilianguka juu yake nyembamba, nyeupe, na katikati ya mvua palikuwa na mwanga. Nikajiuliza mwanga huo unatoka wapi. Nikaufuata kwa macho juu, juu, kupita vichwa na mizigo na watoto, na masikio yangu yakajaa mvumo. Ulimi ukawa mzito. Vidole sikuvisikia tena. Nilikuwa nalia na sikujua nimeanza lini. Nilitaka kusema kitu kwa mdogo wangu, na saruji ikaja usoni mwangu.

Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Twalibu. Nadège alikuwa ananipangusa kwa maji. Wengine wote walikuwa wamebanana mlangoni, na nikasikia mpakuzi mmoja akisema, "Si mnaona? Ni ukoo! Ni damu yao!"

Nikakumbuka tuko wapi na kwa nini, nikatamani ardhi inimeze. Nimemmaliza ndugu yangu. Nimekuja kumtetea na nimemmaliza kwa mkono wangu.

Bwana Mansuri alikuwa bado amesimama pale pale, ameupa ukuta mgongo, amekauka. "Saady," akaita bila kutuangalia. "Kuanzia kesho Fuso la Twalibu ni lako." Kisha akatugeukia sisi. "Bi Swaumu, nisamehe. Sikujua kwamba hata wewe unaumwa. Laiti mngeniambia."

"Siumwi!" nikasema. Sauti ilitoka dhaifu. "Ni hii picha, Bwana Mansuri. Wallahi ni hii picha."

"Ndiyo, dada. Ndiyo." Alinijibu vile mtu anavyomjibu mgonjwa.

Hapo Twalibu akaongea, taratibu, bila kuniachia kichwa. "Tajiri. Tumekuja mpaka hapa uone kwa macho. Hujaiona. Umeipa mgongo tangu tulipoingia. Geuka uitazame."

Bwana Mansuri hakugeuka.

"Geuka tu, tajiri. Kama ni kifafa chetu sisi, wewe itakufanya nini?"

Niliona shingo ya Bwana Mansuri ikianza kuzunguka kidogo, kidogo sana, kisha ikasimama. Akainamisha macho kwenye sakafu. Akatoka hivyo hivyo, macho chini, kiganja chake amekiweka kando ya uso upande wa ukutani, akigusa cherehani moja baada ya nyingine kutafuta njia, mpaka akaufikia mlango. Watu wakampisha. Tukasikia milango ya pikapu ikifungwa, injini ikawaka, na Saady akachelewa tena kubadilisha gia.

"Aliamini," nikasema.

"Aliamini," akasema Twalibu.

Na kazi ilikuwa imekwenda. Nilimwona akisikiliza gari mpaka likapotea kuelekea barabara kubwa, na usoni pake pakapita maumivu ambayo sikuyaona hata tulipomzika baba. Nilimuuliza atawalisha nini watoto. Aliniambia hajui. Nilimuuliza tutarudije Kibondo. Hilo nalo hakulijua. Kisha akanisaidia kukaa, akaniegemeza begani pake, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa haya kidogo, mimi nimeona nini.

Nikamwonyesha yale maji.